Makumbusho yatuonyeshe pia dinari zilizochakaa

Katika mkusanyiko wa sarafu wa British Museum jijini London zimo dinari za fedha alizopiga Marcus Antonius, kamanda wa Kirumi ambaye wengi wanamjua kwa jina la Mark Antony, ili awalipe askari wake kabla ya vita vya Actium, vita vya baharini huko Ugiriki ambavyo alishindwa na hasimu wake Octavian. Ni sarafu ndogo, upana milimita 17 au 18 hivi, na zilipotoka mikononi mwa mafundi uzito wake haukufika gramu 4. Makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani yanazo pia, kwa kuwa zilipigwa kwa wingi mno. Zinazochaguliwa kupigwa picha na kuwekwa kwenye kabati za vioo kwa kawaida huwa zile safi, ambazo makasia ya merikebu yanahesabika na kila herufi inasomeka. Ninachotaka kusema ni kwamba kwa dinari hii hasa, uchaguzi huo unatunyima habari yake iliyo kubwa kuliko zote. Ile iliyosagika mpaka merikebu haionekani vizuri na namba ya jeshi imefutika ndiyo inayostahili nafasi ya mbele.

Tuanze na kilichoandikwa juu yake. Upande mmoja una merikebu ya kivita ya makasia. Juu yake pameandikwa ANT AVG, chini III VIR R P C. Hiyo AVG si Augustus, cheo ambacho hasimu wake Octavian alipewa baadaye, mwaka 27 KK. Ni kifupi cha augur, kuhani aliyesoma matakwa ya miungu katika mruko wa ndege. Maneno ya chini yanamtaja Antony kuwa mmoja wa watu watatu waliokabidhiwa mamlaka ya kuisimamisha upya jamhuri. Upande wa pili amesimama tai wa jeshi katikati ya bendera mbili za vikosi, na hapo pameandikwa LEG pamoja na namba. Legioni, kikosi kikubwa cha askari wa miguu wa Kirumi, ilikuwa na namba yake na tai wake, na Antony alipiga sarafu kwa ajili ya legioni moja moja, kuanzia II hadi XXIII. Chache zilitajwa kwa jina pia, kama XVII Classicae na XVIII Lybicae, na ziko nyingine za walinzi wake na za kikosi cha wapelelezi. Katika orodha ya sarafu za jamhuri aliyoipanga Michael Crawford mwaka 1974, kundi hili lote lina namba 544.

Angalia kisichokuwepo. Sura ya Antony haipo. Kwa miaka mingi alikuwa ameweka uso wake kwenye sarafu, na kuna dinari nyingine yenye uso wake upande mmoja na uso wa Cleopatra upande wa pili, malkia akiitwa humo malkia wa wafalme. Katika sarafu za legioni hakuna uso wa mtu yeyote. Nasoma hapo hesabu ya mtu aliyejua vizuri anamlipa nani. Octavian alikuwa akieneza habari huko Roma kwamba Antony ametekwa na mwanamke wa Misri, na mwaka 32 KK vita vilitangazwa rasmi dhidi ya Cleopatra, bila kumtaja Antony. Kumpa askari wa Kirumi mshahara wenye sura ya malkia wakati huo kungekuwa kumpa Octavian ushahidi wa bure. Kwa hiyo askari akapewa namba ya jeshi lake mwenyewe, tai aliyeapa kumlinda, na merikebu.

Fedha ya kulipia ilihitajika nyingi, na kwa haraka. Plutarch, aliyeandika zaidi ya karne moja baadaye, anasema Antony alikuwa na merikebu 500, askari wa miguu 100,000 na wapanda farasi 12,000. Hata ukipunguza hesabu za waandishi wa kale, mzigo bado ni mzito. Askari wa legioni zama hizo alilipwa dinari 225 kwa mwaka. Msomaji wa Biblia anaikumbuka dinari kama ujira wa kibarua wa siku moja katika mfano wa shamba la mizabibu. Mshahara wa askari ulikuwa chini ya hapo kwa siku, ingawa alitarajia nyara na zawadi za kamanda. Majira ya baridi ya mwaka 32 kuingia 31 KK Antony alikaa Patrae, magharibi mwa Ugiriki, na wataalamu wengi wanadhani huko ndiko sarafu hizi zilikopigwa. Ili fedha itoshe, mafundi wake walichanganya shaba kupita mazoea ya Roma, ambako dinari ilikuwa karibu fedha tupu.

Tarehe 2 Septemba mwaka 31 KK, huko Actium, mambo yaliharibika. Antony na Cleopatra waliponyoka na sehemu ya merikebu kuelekea Misri, na jeshi la nchi kavu likaachwa Ugiriki. Plutarch anasema lilivumilia siku saba, kisha likajisalimisha kwa Octavian. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, Antony alikufa. Seneti ikaangusha sanamu zake, ikafuta heshima zake, na ikaamuru kwamba hakuna mtu wa ukoo wa Antonius atakayeitwa tena Marcus. Mtu angetarajia sarafu zake ziyeyushwe mwaka huohuo. Hazikuyeyushwa. Naamini sababu ya kwanza ni ya kisiasa na ni nyepesi kuieleza: sarafu hizo zilikuwa mifukoni mwa askari waliojisalimisha, na Octavian alihitaji utulivu wa watu hao kuliko alivyohitaji kulifuta jina la aliyewalipa. Kuikataa dinari yao kungekuwa kuwanyang'anya mshahara.

Sababu ya pili ndiyo iliyozifanya ziishi muda mrefu namna ile, na hapa inabidi kutulia kidogo.

Kila anayepanda daladala anaijua tabia hii. Ukiwa na noti mbili za thamani moja, mpya na iliyochanika, unampa konda iliyochanika na mpya unaibakiza. Noti chakavu inazunguka mji mzima kwa kuwa kila mtu anataka kuiondoa mikononi mwake. Dinari ilikuwa hivyohivyo, kukiwa na tofauti moja kubwa, kwamba dinari nzuri ilikuwa na thamani kama madini. Mwenye dinari nzito ya fedha safi aliweza kuiweka akiba, au kuiyeyusha na kupata fedha zaidi ya ile iliyomo katika dinari hafifu iliyonunua mkate uleule sokoni. Za Antony zilijulikana kuwa hafifu. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 BK katika mlipuko wa Vesuvius, bado aliandika kwamba Antony alichanganya chuma kwenye dinari. Juu ya chuma hakuwa sahihi, kwa kuwa kilichochanganywa ni shaba, lakini maneno yake yana thamani kubwa kwetu. Zaidi ya miaka 100 baada ya Actium, watu walikuwa bado wanaisema vibaya fedha ya Antony na papo hapo wanaitumia.

Kisha watawala waliofuata wakaanza kupunguza wenyewe. Mwaka 64 BK Nero alibadili kipimo. Ratili ya fedha iliyokuwa ikitoa dinari 84 ikatoa 96, yaani kutoka karibu gramu 3.9 hadi karibu gramu 3.4 kwa kila moja, na fedha yenyewe ikachanganywa zaidi. Tangu hapo dinari za zamani zilizokuwa nzito na safi zilikuwa na faida kuyeyushwa, na zikaanza kupungua. Karibu mwaka 107 Trajan akaamuru sarafu zilizochakaa zikusanywe na kuyeyushwa. Katika dafina zilizofukiwa baada ya hapo, dinari za jamhuri zinakuwa adimu, isipokuwa hizi za Antony. Maelezo yanayotolewa zaidi na wataalamu ni kwamba shaba iliyomo pamoja na uzito uliopotea kwa kuchakaa viliifanya kazi ya kuziyeyusha isilipe. Zikaachwa ziendelee kuzunguka.

Fedha iliyo bora ilikwenda kwa waliokuwa na uwezo wa kuchagua, na ushahidi wake uko upande wetu wa dunia. Dafina za kusini mwa India zimejaa dinari za Augustus na Tiberius, zile za kabla ya Nero kubadili kipimo. Mabaharia waliopanda pepo za msimu kutoka Misri walizipeleka huko kununua pilipili na vito. Mwongozo wa kibiashara wa Kigiriki wa karne ya 1, unaoeleza bandari za Bahari ya Hindi mpaka Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, unataja sarafu kwa bandari za India, na kwa Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu, kidogo tu kwa matumizi ya wageni waliokaa huko. Kwa Rhapta unataja mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo vikibadilishwa kwa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Sarafu hazitajwi. Kwa hiyo dinari ya Antony tusiitafute bandarini. Makao yake yalikuwa kambi za jeshi na masoko ya mipakani, mahali ambapo mtu alipokea alichopewa.

Na huko ilifika mbali. Zinaokotwa Uingereza, katika nchi ambayo jeshi la mtawala Claudius lilivuka bahari kuiteka mwaka 43 BK, Antony akiwa ameshakufa miaka zaidi ya 70. Nyingine zina alama ndogo zilizogongwa na wabadili fedha, waliotoboa uso wa sarafu kidogo kuona kama ndani ni fedha au ni shaba iliyovikwa fedha. Nyingine zina muhuri wa IMP VES, uliogongwa zama za Vespasian katika miaka ya 70 BK. Hapo unapata jina la mtu aliyelaaniwa na Seneti na jina la mtawala aliye madarakani juu ya kipande kimoja cha fedha, miaka 100 baada ya vita. Na karibu mwaka 168 au 169, Marcus Aurelius na Lucius Verus walifanya jambo ambalo sijui lingewezekanaje kama dinari hizi hazingekuwa bado zinashikwa na watu kila siku. Walipiga upya sarafu ya Antony yenye merikebu, tai na LEG VI, wakaandika kwamba wao wameirejesha. Ilikuwa karibu miaka 200 kamili tangu Actium. Mwaka 193 Septimius Severus naye alilipa askari wake kwa dinari zenye majina ya legioni zao, wazo lilelile la Antony.

Severus ndiye aliyeshusha fedha ya dinari hadi karibu nusu. Mambo yakageuka. Ile dinari ya Antony iliyokuwa ikidharauliwa ikawa bora kuliko zilizotoka kupigwa jana, na katika karne ya 3 ikaanza kutoweka, ikielekea kwenye chungu cha kuyeyushia ambacho ilikuwa imekikwepa tangu zama za Nero.

Sasa chukua dinari safi ya LEG XX, iliyofukiwa pengine miaka michache baada ya kupigwa, na uilinganishe na nyingine ya legioni isiyosomeka, yenye gramu 3 au pungufu. Ya kwanza inaeleza Antony alitaka kusema nini mwaka 32 KK. Hilo ni jambo la maana, na sisemi itupwe. Bila sarafu safi wataalamu wasingeweza kutambua mihuri iliyotumika kuzipiga, wala kukadiria wingi wake, wala kubaini namba za legioni zilizoghushiwa na walaghai wa baadaye. Lakini yaliyotokea katika miaka 200 iliyofuata hayamo humo. Yamo katika ya pili. Kama ilianza na gramu 3.7 na sasa ina 3.0, karibu moja ya tano ya fedha yake imebaki kwenye viganja, mifuko ya ngozi na meza za wauza divai kutoka Ugiriki hadi mto Rhine au ukuta wa Hadrian. Kupungua huko kunapimika, na wasomi wa sarafu hukutumia kukadiria fedha ilizunguka kwa kasi gani na kwa muda gani. Makumbusho yanayoificha sarafu hiyo kwenye droo yanaficha takwimu.

Sielewi kwa nini tumezoea kulikubali hili kama jambo la kawaida. Mikusanyiko mikubwa ya Ulaya ilijengwa na matajiri wa karne ya 18 na 19 waliotaka mfano mmoja mzuri wa kila aina. Wakipata ulio bora, waliuza au kubadilishana ule duni. Makumbusho yenyewe yaliwahi kufanya hivyo, yakiziita sarafu za namna hiyo nakala za ziada. Kwa mantiki hiyo, dinari 40 za LEG VI kutoka dafina moja ni dinari moja na takataka 39. Kumbe ni 40 zinazoonyesha viwango tofauti vya kuchakaa, na kila moja inatoa ushuhuda juu ya mwenzake. Dafina ikishavunjwa na kuuzwa vipande vipande, ushuhuda huo haurudishiki hata ukizinunua zote tena, kwa kuwa hakuna tena ajuaye zipi zilikuwa pamoja.

Soko linasukuma upande huohuo, kwa nguvu zaidi. Oktoba 2020 sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa wauaji wa Julius Caesar, yenye majambia mawili na tarehe ya mauaji hayo, iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3.2. Mwaka 2023 ilirudishwa Ugiriki, baada ya uchunguzi wa New York kubaini kwamba historia ya umiliki iliyotolewa wakati wa kuiuza ilikuwa ya uongo. Sarafu ilikuwa nzuri ajabu, na ardhi iliyotoka haikuandikwa popote. Uzuri uliifanya ifike bei ile. Kufukuliwa bila kumbukumbu kulitunyima kujua ilifukiwa na nani, pamoja na nini. Wanunuzi wakilipia uso peke yake, wachimbaji wa usiku nao wataleta uso peke yake.

Sheria ya Uingereza iko mbele kuliko za nchi nyingi katika hili, nami naisifu. Kwa sheria ya dafina ya mwaka 1996, mtu akikuta pamoja sarafu mbili au zaidi za fedha au dhahabu zenye umri wa zaidi ya miaka 300, ni lazima atoe taarifa. Tangu mwaka 1997 kuna pia mpango wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa na raia wenye vifaa vya kutambulia madini, na kumbukumbu zake sasa ni zaidi ya milioni moja. Dinari za Antony zimo humo, zikiwa na uzito, picha na eneo zilipookotwa, nyingi zikiwa zimesagika vibaya. Rekodi hizo zinatusaidia kuliko kabati zima la dinari zisizo na asili. Pengo lililobaki ni kwamba makumbusho yanaruhusiwa kununua sehemu ya dafina na kuacha zilizobaki zirudi kwa aliyezikuta, naye ana haki ya kuziuza. Fedha zikiwa haba, kinachonunuliwa huwa ni kile chenye sura nzuri au kilicho adimu. Naona ingefaa mpangilio ugeuzwe: makumbusho ya wilaya yasaidiwe kununua dafina nzima, hata kama ni ya sarafu za kawaida kabisa, kabla ya makumbusho makubwa kusaidiwa kununua sarafu moja ya kifahari.

Wasimamizi wa maonyesho wana jibu lao, na lina uzito. Wanasema mgeni hasimami mbele ya kipande cha fedha kisichosomeka; anapita. Ndiyo, atapita, kama kimewekwa peke yake na kibao kinachosema dinari, Mark Antony, 32–31 KK. Kiwekwe kando ya kilicho safi, na chini ya kila kimoja uandikwe uzito wake. Iwepo ramani yenye Patrae na mahali kilipookotwa. Kibao kiseme kwamba kimoja kilifukiwa mapema na kingine kilikuwa bado kinanunua mkate wakati Marcus Aurelius anatawala. Aliyewahi kushika noti chakavu hatahitaji maelezo zaidi ya hayo. Na kwa zile dinari nyingi zilizoingia makumbusho kutoka kwa matajiri wa zamani bila kumbukumbu, kibao kiandike wazi kwamba mahali ilipopatikana hapajulikani, kwa herufi zilezile zinazotumika kwa jina la Antony, ili mgeni aone ni kiasi gani cha kabati lile kimekuja bila asili.